Robo ya Chini ya Tangi: Uchambuzi wa Kisa cha Teksi Iliyoishiwa na Petroli

Kisa hiki kililetwa kwangu na watu wawili waliokuwa wakivutana juu ya shilingi 8,000. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu anayeishi Kangemi, mwenye Toyota Fielder ya mwaka 2009 aliyoitoa ifanye kazi ya teksi. Wa pili ni dereva wake wa zamu ya mchana, kijana ambaye amelishika gari hilo kwa zaidi ya miaka miwili na ambaye Mwalimu mwenyewe hajawahi kumlalamikia kwa uzembe. Kwa kuwa mimi ni katibu wa chama chetu kidogo cha wenye teksi, nilitakiwa niamue nani alipe. Wameniruhusu kukiandika kisa bila kuwataja majina, na nimeona kinastahili kuandikwa kirefu kwa sababu swali lililo ndani yake, yaani tangi liachwe lishuke hadi wapi kabla ya kutiwa mafuta, hujibiwa mitaani kwa maneno mawili matatu ya mkato ambayo, yakipimwa, nusu yake si kweli.

Mpango wa kazi ulikuwa wa kawaida. Dereva wa mchana hulichukua gari saa kumi na moja alfajiri na kulirudisha saa moja jioni, kisha mwenzake wa usiku huendelea nalo mpaka kukicha. Kila mmoja humtumia mwenye gari hesabu yake, yaani fedha ya zamu wanayodaiwa, kwa simu. Matengenezo, bima na magurudumu ni juu ya mwenye gari. Mafuta ni juu ya dereva. Msomaji na aishike hiyo sentensi ya mwisho, maana kwa maoni yangu ndiyo iliyolizimisha gari, hata kabla ya mvua na foleni kuingia katika habari hii.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024

Siku hiyo dereva wa usiku alikuwa amefiwa kwao Murang'a, na mwenzake akakubali kushika zamu zote mbili. Alipolichukua gari alfajiri, mshale wa geji ulikuwa juu kidogo ya mstari mwekundu. Akatia mafuta ya shilingi 500, ambayo kwa bei ya siku hiyo ya shilingi 180.66 kwa lita ni pungufu kidogo ya lita 2.8. Saa tano akatia ya shilingi 1,000, yaani lita 5 na nusu hivi. Kwa anayejua kazi ya teksi hakuna ajabu hapo: asubuhi hujaingiza kitu, na fedha ya mafuta hutoka katika nauli ya mteja wa kwanza na wa pili.

Taa ya mafuta iliwaka mwendo wa saa tisa alasiri akiwa Ngong Road. Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao baadaye tuliujadili kwa muda mrefu kuliko mambo mengine yote. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, nazo huanza kutumika usiku wa manane wa kuamkia tarehe 15. Mwezi uliokuwa umetangulia bei ya petroli Nairobi ilikuwa imeshushwa kwa shilingi 8.18, kutoka 188.84 hadi 180.66. Kijana alikuwa na hakika kwamba itashuka tena, na kwa kuwa angekuwa barabarani mpaka baada ya saa sita usiku, akaamua kusukuma na kilichobaki, kisha ajaze tangi lote kwa bei mpya.

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni akampakia abiria Karen, aliyekuwa akienda kupanda ndege Uwanja wa Jomo Kenyatta. Safari hiyo ni kama kilomita 25 ukishika Barabara ya Lang'ata na kuingia Southern Bypass. Alivipita vituo vya mafuta viwili vitatu. Abiria alikuwa na haraka, na kumwambia mteja wa uwanja wa ndege "niruhusu nitie mafuta kidogo" ni jambo ambalo dereva wa teksi huliona aibu, mbali na nyota anazoweza kunyimwa na mteja kwenye programu ya simu ya kuitia teksi. Mvua ikaanza. Kwenye Bypass, upande ule unaopakana na uzio wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, foleni ikakaza mpaka gari likawa linasogea mita chache na kusimama.

Muda mfupi kabla ya saa moja usiku, likiwa limebakisha kilomita chache kufika Mombasa Road, gari lilikohoa mara mbili kwenye kipandio chepesi, likapoteza nguvu, likazimika. Abiria alishuka katika mvua na masanduku yake, akasimamisha teksi nyingine, wala hakulipa, na simlaumu. Dereva akabaki na taa za dharura zikimweka, kando ya barabara ambayo usiku haina watu wa kuomba msaada. Mwendesha bodaboda alikubali kumletea petroli kwa shilingi 600 kwa sababu ya mvua. Kituoni mhudumu alikataa kutia mafuta katika chupa ya maji, ikabidi ununuliwe mtungi wa shilingi 250. Zilipomiminwa lita 5, dereva alifungua na kufunga swichi mara kadhaa bila kuwasha injini, ili pampu irudishe msukumo katika mabomba, kisha gari likawaka.

Usiku huo EPRA ilitangaza kwamba bei haibadiliki. Ikabaki shilingi 180.66.

Siku kumi na mbili baadaye gari lilianza kuwaka kwa shida asubuhi, na sauti ya kulia ikasikika chini ya kiti cha nyuma. Fundi alitoa pampu ya mafuta, akaonyesha kwamba imechoka. Pampu iliyotumika kutoka Japani ilinunuliwa Kirinyaga Road kwa shilingi 6,500, ufundi ukawa shilingi 1,500. Hizo ndizo shilingi 8,000 za ugomvi.

"Mwalimu, mafuta nanunua mimi," kijana alisema tulipokaa. "Pampu ni ya gari, na gari ni lako."

"Gari ni langu, lakini aliyeliendesha likiwa kavu ni wewe, kijana wangu," Mwalimu akamjibu.

Kungojea bei

Tuanze na lile lililokuwa na makosa ya wazi zaidi, ingawa halikuwa la kipumbavu. Dereva yeyote wa Nairobi aliyelipa shilingi 217.36 kwa lita moja mwezi Oktoba 2023 amejifunza kuitazama tarehe 14 kwa jicho kali, na kupanga ununuzi wa mafuta kulingana nayo ni haki yake. Kwa hesabu ya kijana, kama bei ingeshuka tena kwa shilingi 8.18, tangi la lita 40 lingemwokolea shilingi 327. Kwa mtu anayeishi kwa kinachobaki baada ya hesabu, hizo si fedha za kudharauliwa.

Kasoro ni kwamba aliyaona machaguo mawili tu, kujaza sasa au kutotia chochote mpaka usiku wa manane, ilhali la tatu lilikuwa mbele yake. Angetia lita 5 za kumfikisha usiku wa manane na kungojea kwa zile nyingine. Hata kama bei ingeshuka kama alivyotarajia, lita hizo 5 zingemgharimu shilingi 41 zaidi. Shilingi 41 ndiyo iliyokuwa bei halisi ya usalama wake jioni ile. Badala yake alitoa 850 za bodaboda na mtungi, akakosa nauli ya uwanja wa ndege ambayo ni zaidi ya shilingi elfu moja, na sehemu kubwa ya jioni ikapotea ukingoni mwa barabara katika saa ambazo mvua huwafanya watu waite teksi kwa wingi.

Nimeona pia wenye magari wanaosubiri kwa siku tatu au nne kabla ya tarehe 14, wakizungukazunguka na taa imewaka. Mwezi uliofuata bei ilishuka kweli, kwa shilingi 4.37. Aliyekuwa na robo tangi la gari kama hili, yaani lita 12 na nusu, usiku ule wa mabadiliko "alipoteza" shilingi 55. Wala si lazima mafuta yawepo siku unayoyataka: mwezi Aprili 2022 vituo vingi nchini vilikauka na foleni zikazunguka mitaa, na bei nafuu iliyoandikwa kwenye ubao haikumsaidia mtu aliyefika na tangi tupu.

Taa na mshale

Kijana alishikilia kwamba taa ikiwaka gari lina kilomita 100. Nilipomuuliza amezitoa wapi, alisema ni habari inayojulikana. Kwa gari la aina hii, likiwa Naivasha Road au Thika Road usiku wa manane, huenda alikuwa sahihi. Lakini taa hupima lita, na kilomita hutegemea foleni.

Ili tuache kubahatisha, tulifanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari lililotumika kutoka Japani alifanye mara moja, maana kitabu cha maelezo ama kimeandikwa Kijapani ama kilipotea kabla gari halijashuka Mombasa. Tulingojea taa iwake tukiwa karibu na kituo, tukajaza mpaka mkono wa pampu ulipojikata wenyewe mara ya kwanza, tukazitoa lita zilizoingia katika ujazo wa tangi, ambao ni lita 50. Ziliingia lita 42.4. Hivyo taa ya gari hili huwaka kukiwa na lita 7 na nusu hivi. Magari madogo mengi hayako mbali na hapo.

Lita 7 na nusu kwa kilomita 14 kwa lita ni kilomita 105, na hapo ndipo habari inayojulikana inapotoka. Sasa tazama matumizi ya alasiri ile, tukiyakadiria kwa safari zilizohifadhiwa kwenye simu yake. Tangu taa iwake alikuwa amezunguka Kilimani na Hurlingham kilomita kama 18 katika foleni, ambako injini ya lita 1.5 haizidi sana kilomita 7 kwa lita. Alikuwa amewangojea wateja kwa karibu saa nzima injini ikinguruma na kiyoyozi kikiwaka kwa sababu ya mvuke wa vioo; injini ya ukubwa huo ikisimama hivyo hunywa kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Kisha akapanda hadi Karen. Kwa makadirio yangu, abiria alipofunga mlango, tangini mlikuwa na lita 3 pungufu. Kwa hesabu ya kilomita 14 kwa lita zilitosha kumfikisha uwanjani na kubaki na lita moja. Kwa hesabu ya foleni ya mvua, ambapo aliutumia muda wa saa moja na zaidi kwa kilomita 13, hazikutosha. Gari linapokwama katika msongamano umbali unasimama lakini mafuta hayasimami, kwa hiyo anayepanga safari ya jioni Nairobi kwa kilomita anatumia kipimo kisichofaa. Apange kwa saa atakazokuwa barabarani, kisha atafute kituo cha mwisho kabla ya kipande kisicho na kituo.

Mshale nao una mambo yake. Ndani ya tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono, na mkono huo hupanda na kushuka pamoja na mafuta. Gari likiinama, mafuta hukusanyika upande mmoja, na boya husema uongo bila kukusudia. Huko Kangemi gari hulala kwenye uwanja wenye mteremko. Tulilipima: lilipokuwa limepandisha pua juu, mshale ulionyesha zaidi kuliko lilipokuwa kwenye tambarare ya barabara, na tofauti ilikuwa pana karibu sawa na unene wa mshale wenyewe. Ni kitu kidogo tangi likiwa nusu, lakini karibu na mstari mwekundu unene wa mshale ni lita mbili nzima. Asubuhi ya tarehe 14 kijana aliusoma mshale akiwa papo hapo kwenye mteremko. Vilevile kile kipandio chepesi cha Bypass kiliyavuta mafuta machache yaliyosalia mbali na mdomo wa pampu, ndiyo maana gari lilizimika tangi likiwa bado halijakauka kabisa.

Pampu

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, na ndipo nilipolazimika kutowapa wote wawili walichotaka kusikia.

Katika magari ya petroli ya siku hizi pampu ni mota ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi, na petroli hupita katikati ya mota hiyo, ikiipoza na kuilainisha. Pampu ikivuta hewa badala ya petroli, hupata joto na kusagika. Kwa hiyo Mwalimu hakukosea aliposema kwamba gari kuendeshwa kavu huumiza pampu. Lakini kuumia kwa dakika moja au mbili kabla injini haijazimika si sawa na kufa. Pampu nyingi zimeishiwa na mafuta mara moja na zikaendelea na kazi miaka. Kinachoziua ni mazoea ya kila siku ya kufanya kazi zikiwa nusu zimefunikwa, mafuta yakiyumba kwenye kona na miteremko na pampu ikimeza hewa kila mara.

Halafu kuna uchafu. Watu husema tangi likishuka pampu hunyonya takataka za chini. Ukweli ni kwamba pampu hunyonya kutoka chini siku zote, hata tangi likiwa limejaa pomoni. Mdomo wake uko pale pale. Tofauti ni kwamba mafuta yakiwa machache, uchafu ule ule, pamoja na maji kama yamo, uko ndani ya lita chache na hutikiswa zaidi. Fundi alinionyesha chujio dogo la kwenye mdomo wa pampu: kitambaa kilichopaswa kuwa cheupe kilikuwa rangi ya kahawa iliyokolea, na alipokikamua kati ya vidole kilitoa tope laini lililoshika kwenye kucha. Tope la namna hiyo halikusanyiki kwa siku kumi na mbili. Gari lina umri wa miaka 15, limetembea zaidi ya kilomita 230,000, na Mwalimu hakuwa na kumbukumbu ya chujio hilo kubadilishwa tangu alinunue. Pampu inayonyonya kupitia kitambaa kilichoziba hufanya kazi kwa nguvu zaidi kila siku ya maisha yake.

Niongeze kwamba kijana alikuwa na bahati kuwa hili ni gari la petroli. Lingekuwa la dizeli, hewa ingeingia katika mabomba na huenda lingehitaji kutolewa hewa kwa mkono, na kazi hiyo kwenye Bypass gizani ni ya mtu mwenye spana na moyo mgumu.

Uamuzi, na lililofuata

Niliamua kwamba gharama za jioni ile zibaki kwa dereva, kwa kuwa zilitokana na uamuzi wake mwenyewe wa saa tisa alasiri. Kuhusu pampu, niliamua mwenye gari alipe ile shilingi 6,500, na ufundi wa shilingi 1,500 autoe dereva. Mgawanyo huo haukutoka katika kanuni yoyote iliyoandikwa. Niliona pampu hiyo ingekufa mwaka huo au uliofuata hata kama gari lisingesimama Bypass, lakini niliona pia kwamba miaka miwili ya kuendesha na taa ikiwaka ilikuwa na sehemu yake.

Mwalimu alikubali kwa shingo upande. Hata hivyo jambo lililonishughulisha zaidi ni kwa nini gari lenye madereva wawili waangalifu lilikuwa linaishi kwenye mstari mwekundu. Nilimwomba kila mmoja aniambie hutia mafuta wakati gani, na majibu yao yalifanana: kila mtu hutia kiasi atakachokimaliza kabla ya kurudisha gari, kwa sababu petroli inayobaki tangini saa ya kubadilishana ni fedha yake iliyoachwa kwa mwenzake. Hapo hapakuwa na ujinga wa mambo ya magari. Kwa mpango uliokuwepo, dereva mwerevu kabisa angerudisha gari tangi likiwa limekauka, na kwa kweli ndivyo walivyojitahidi kufanya, mmoja baada ya mwingine, kila siku.

Kuwahubiria juu ya pampu kusingebadilisha kitu. Nilipendekeza robo tangi ihesabiwe kuwa mali ya gari, kama vile gurudumu la akiba. Mwalimu alitia hizo lita 12 na nusu kwa fedha yake mara moja tu, shilingi 2,258 kwa bei ya mwezi ule, na dereva hulipokea gari mshale ukiwa robo na hulirudisha ukiwa robo. Akilirudisha chini ya hapo, humtumia mwenzake tofauti kwa M-Pesa kabla ya kukabidhi ufunguo. Likiwa juu, mwenzake humrudishia. Kwa nini robo na si nusu? Kwa gari hili robo ni lita 5 juu ya taa, na hata foleni mbaya ya muda wa saa tatu haiwezi kuyamaliza mafuta yote ya robo hiyo. Nusu isingedhuru, kwani uzito wa petroli ya nusu tangi ni kilo 18 na kitu, chini ya sanduku la abiria wa ndege, lakini ingekuwa fedha nyingi za kufungia ndani ya chuma kwa faida ndogo.

Dereva wa usiku alipinga mwanzoni. Alisema mshale hausomeki sawasawa pale nyumbani, naye alikuwa na haki, ndipo tukakubaliana makabidhiano yafanyike kwenye tambarare mbele ya duka, injini ikiwa imewashwa na mshale umeachwa utulie kwa dakika moja. Kila mmoja hupiga picha ya geji kwa simu. Mpaka ninapoandika wameshabishana mara mbili juu ya picha hizo, mara zote kwa kiasi kisichofika shilingi 200, na mara zote waliyamaliza wenyewe bila kuniita.